Chupa Tatu Ndani ya Friji

Jumamosi hiyo, wageni wakiwa bado njiani, Hadubini alifagia sebule mara tatu. Mara ya kwanza alifagia uchafu. Mara ya pili alifagia vipande vya nyuzi alivyodondosha mama yake kutoka kwenye cherehani. Mara ya tatu hapakuwa na cha kufagia, akafagia wasiwasi wake mwenyewe mpaka mlangoni, nao ukarudi ndani kabla hajaegemeza ufagio.

Kwenye cheti cha kuzaliwa alikuwa na jina jingine, zuri tu. Lakini tangu aajiriwe maabara ya hospitali ya mji wao mdogo, kazi yake ikiwa kuinamia hadubini na kutafuta vijidudu kwenye matone ya damu za watu, mtaa mzima ulimwita kwa jina la chombo chake. Na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kuchunguza mambo mpaka mambo yenyewe yaone haya. Muuza nyanya akimwona anakuja, alijua leo ataulizwa zimechumwa lini na saa ngapi. Alipopata mchumba, watu walisema maskini kijana wa watu, huyo atakaguliwa mpaka kucha.

Alikaguliwa kweli, na akafaulu. Mchumba alikuwa fundi wa lifti, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyonukia grisi hata akinawa kwa sabuni mara ngapi. Wote walimwita Fundi, na Hadubini naye alimwita Fundi, ila yeye alilitamka polepole zaidi kuliko wengine.

Harusi ilikuwa imebaki miezi miwili, na kilichomnyima Hadubini usingizi ni karatasi moja. Maabara yao ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Kila mfanyakazi alipewa fomu ya uhamisho yenye miji mitatu ya jimbo hilo hilo, achague mmoja: Mji Mkuu, Mji wa Mlimani, au Mji wa Reli. Fomu irudishwe Jumatatu asubuhi. Asiyechagua atachaguliwa. Na mahali ambapo Hadubini angetia alama ya vema, hapo ndipo yeye na mumewe wangepanga vyombo vyao, wazae, wazeeke.

"Chagua wewe, mpenzi," Fundi alikuwa amemwambia. "Mimi nina begi la vifaa tu. Nitakufuata."

Maneno matamu hayo, lakini yalimwongezea mzigo badala ya kuupunguza. Fundi wa lifti haishi popote tu kama muuza maandazi. Mji Mkuu ulikuwa na lifti mamia. Mji wa Mlimani ulikuwa na nne. Mji wa Reli ulikuwa na moja, nayo imekufa.

Halafu kulikuwa na Mama. Mama alishona sare za shule katika sebule ile ile kwa miaka ishirini na saba. Mumewe alifariki Hadubini akiwa na miaka tisa, na tangu hapo nyumba ilikuwa ya wawili: mmoja anakanyaga cherehani, mwingine anasoma pembeni. Hadubini hakuweza hata kufikiria sebule hiyo bila mmoja wao. Na kwa kuwa hakuweza kufikiria, hakuuliza. Alifanya alichokijua, akapima.

Jumamosi tatu mfululizo alikuwa amepanda basi na Fundi kwenda mji mmoja baada ya mwingine. Alichora jedwali: joto la mchana, kelele, idadi ya ngazi kufika mlangoni, dakika za kutembea hadi hospitali, mabasi ya kurudi nyumbani. Na kipimo alichokiamini kuliko vyote kilikuwa maji. Kila mji alijaza chupa moja ya nusu lita kutoka bomba la mtaani, ili apime chumvi na chokaa, maana mtu akihamia mji, alisema, kwanza anahamia kwenye maji yake. Chupa alimkabidhi Fundi aziandike namba tu, moja, mbili, tatu, na siri ya ipi ni ya wapi aitunze yeye. Ndivyo maabara wanavyofanya. Mpimaji akijua sampuli ni ya nani, jicho huanza kupendelea.

Fundi alizileta Alhamisi, zikawekwa kwenye friji ya Mama, rafu ya chini, nyuma ya kopo la siagi. Hadubini angezipima kesho, akiwa zamu ya Jumapili. Mama hakuambiwa kitu.

*

Saa tisa alasiri hodi ilibishwa. Fundi aliingia ameinamisha kichwa ili asigonge kizingiti, na nyuma yake akaingia dada yake mkubwa, mwanamke mnene, mnyoofu wa mgongo, mwenye mkoba mweusi na macho yanayohesabu watu hata wakiwa watatu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mji Mkuu. Ndiye aliyemlea Fundi tangu akiwa na miaka sita, na alimtazama bado kama mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani.

"Shikamoo, Mama," alisema Fundi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Mwalimu, karibu ukae. Msiangalie hizo sare, jamani, shule zinafunguliwa wiki ijayo, nyumba imekuwa bohari."

"Sare nzuri," alisema Mwalimu Mkuu, akainua sketi moja na kukagua upindo. "Upindo umenyooka. Wazazi wa kwetu wangelipenda hili."

Hadubini alishusha pumzi. Mama alipita jikoni akarudi na birika la chai na mkate uliokatwa, akamimina vikombe vinne. Watu wakanywa. Mwalimu Mkuu akasifu chai, akaongezewa. Kisha akaweka mkono mmoja juu ya mkoba wake.

"Wifi," alimwambia Hadubini, "mimi sina mafumbo. Nimekuja kusikia jambo moja. Mtaishi wapi?"

"Dada..." Fundi alianza.

"Wewe nyamaza, sijakuuliza. Wewe ukiulizwa unasema popote. Popote si mji." Akamgeukia tena Hadubini. "Pale kwangu kuna chumba. Kazi ya huyu iko Mji Mkuu, na wewe maabara kubwa iko Mji Mkuu. Mimi sioni cha kuumiza kichwa. Kama kuna kitu mimi sikioni, nionyeshe."

Hadubini alihisi mashavu yanawaka moto. Alimtazama Mama kwa jicho la pembeni. Mama alikuwa anatafuta uzi usiokuwepo mapajani mwake.

"Wifi, sijakata shauri bado," alisema. "Nimelinganisha miji yote mitatu. Nina jedwali. Imebaki kipimo kimoja, cha maji. Ngoja nikuonyeshe, ni chupa tatu..."

Aliinuka haraka, maana mtu anapoulizwa swali la moyo hufurahi sana kupata kitu cha kushika mkononi. Alifungua friji iliyokuwa pembeni ya sebule. Akasogeza kopo la siagi. Akainama. Akapiga magoti.

"Mama. Chupa zangu ziko wapi?"

"Chupa zipi?"

"Tatu! Zilikuwa hapa chini, zimeandikwa namba!"

"Aa, hizo." Mama alitabasamu. "Maji yamekatika tangu saa saba, mwanangu, na wageni wako mlangoni. Nikaziona. Nikasema kumbe binti yangu ana akili, ameweka akiba. Si ndiyo hiyo chai."

Kikombe cha Mwalimu Mkuu kilikuwa kimefika nusu ya safari kuelekea mdomoni, kikasimama hapo hapo.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe si unafanya kazi maabara?"

"Ndiyo, Wifi."

"Mnapima nini huko, kwa kawaida?"

"Damu. Na... na vingine."

Mwalimu Mkuu aliweka kikombe mezani kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai. Akamgeukia Mama. "Ulipoyamimina, Mama, yalikuwa na rangi gani?"

"Hayakuwa na rangi, Mwalimu! Mimi nachomeka uzi kwenye sindano bila miwani, nitashindwa kutofautisha maji na... Mungu wangu! Kwani yalikuwa nini?"

"Ni maji tu!" Hadubini alipiga kelele, karibu kulia. "Maji ya bomba! Ya Mji Mkuu, Mlimani na Reli! Nilitaka kujua maji gani ni mazuri ili nijue tuhamie wapi!"

Mama alimtazama. Kicheko kilichokuwa kimeanza kumjia kikafifia taratibu. "Ulikwenda huko lini?"

"Jumamosi tatu zilizopita. Nilikwambia niko zamu."

"Ulikuwa unapima miji," alisema Mama, "nami niko hapa natia vifungo."

"Mama, samahani. Na sasa imeharibika yote. Maji yenyewe yamekwisha."

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Mama. "Haya hata hayakumwagika. Yamo matumboni mwetu."

Hapo Fundi akasimama. Alisimama kama alivyosimama siku ya posa, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.

"Hayakuharibika," alisema. "Yaani... hayakuwa ya miji hiyo."

Jozi tatu za macho zilimgeukia.

"Nilikuwa nimezibeba kwenye begi la vifaa. Moja kifuniko kililegea, maji yote yakaingia kwenye bisibisi. Nilishika kichwa. Ulikuwa umeniambia maji ndiyo yataamua. Nikasema nikiijaza hiyo moja tu, nitakuwa nimeupendelea mji mmoja au nimeuonea." Akamtazama Hadubini. "Basi ili haki itendeke nikazimwaga zote, nikazijaza upya. Zote tatu. Kwenye bomba la hapa nje, la Mama."

Mwalimu Mkuu alifumba macho. "Nimemlea mwenyewe," alisema, "siwezi kumlaumu mtu."

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Lakini Hadubini hakucheka. Alipita katikati yao, akafungua mlango wa nyuma, akatoka uani.

*

Uani kamba zote zilikuwa zimejaa mashati meupe ya watoto wa shule. Hadubini alijificha katikati ya mashati hayo. Alisikia hatua za Fundi na hakugeuka.

"Umenidanganya," alisema.

"Nimekudanganya."

"Ningepima kesho, zikatoka sawa sawa zote tatu. Ningedhani nimekuwa mwendawazimu."

"Nilikuwa niseme leo kabla ya jua kuzama, wallahi. Njiani nimejifunza maneno mpaka Dada akaniuliza ninasali nini."

"Kwa nini hukusema Alhamisi?"

Fundi alisogeza shati moja pembeni ili aone uso wake. "Kwa sababu ulikuwa na furaha. Ulizipokea zile chupa kama mtu aliyepewa dawa. Nikaona nikikunyang'anya, utarudi kwenye kulia usiku na kuniambia asubuhi ni mafua."

Alijua kumbe. Hadubini alitaka kuendelea kukasirika, lakini hasira ilikuwa inamponyoka. Alimtazama yule mwanaume mkubwa aliyesimama kati ya mashati ya watoto, akakumbuka walivyokutana, miaka miwili iliyopita, yeye akiwa amekwama ndani ya lifti ya hospitali na kitoroli cha sampuli, taa imezimika, pumzi imembana. Sauti ikaja kutoka upande wa pili wa mlango. *Dada, mimi ni fundi. Niko hapa, siondoki. Dakika tano.* Dakika tano zile zilichukua saa nzima.

"Hata siku ile ulinidanganya," alisema. "Dakika tano, dakika tano, mara kumi na mbili."

"Ningekwambia saa nzima ungezimia."

"Ningezimia," alikubali Hadubini, na kinyume na mpango wake akatabasamu kidogo. "Sikuwahi kukushukuru vizuri kwa siku ile. Nilitoka nikakwambia umechelewa."

"Ulisema pia nina grisi kwenye pua."

"Ulikuwa nayo." Akamshika vidole viwili tu, kama mtu anayeonja. "Asante, Fundi. Asante kwa kutoondoka pale mlangoni. Lakini usinidanganye tena. Mimi nikidanganywa kwa huruma, naumia zaidi."

"Sitakudanganya tena."

"Basi niambie ukweli sasa hivi. Na usiniambie habari za begi. Wewe moyo wako unataka mji gani?"

Hadubini akamwona Fundi akitazama chini, na papo hapo akakumbuka Jumamosi ya mwisho, hospitali ya Mji wa Reli, ghorofa nne. Wanaume wanne walikuwa wanapandisha mama mjamzito kwa machela kwenye ngazi, wanapokezana pumzi, na yule mama ameng'ang'ania ukingo wa machela huku amefumba macho. Fundi alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mlango wa lifti iliyokufa, kama daktari anavyoweka mkono kifuani mwa mgonjwa. Hakusema neno mpaka basi la kurudi. Na yeye Hadubini, mwenye macho ya kuona kijidudu kwenye tone la damu, hakuona.

"Reli," alisema Hadubini kabla Fundi hajasema.

Fundi aliinua macho kwa haraka. "Ile lifti haijafa. Mota yake nzima kabisa, niliigonga nikaisikia. Kamba zimechoka na umeme wake umechanganywa na mtu asiyejua. Miezi mitatu tu, mpenzi. Nikipewa vipuri, miezi mitatu wale kina mama hawatabebwa tena." Kisha akajirudi. "Lakini kuna vumbi. Ulilalamika vumbi."

"Nililalamika vumbi. Sikusema sitaki."

"Sasa ningejuaje?"

"Ungeuliza!" alisema Hadubini, kisha akajisikia mwenyewe. Aibu ikamjaa usoni. Akaegemeza kichwa kifuani kwa Fundi, wakabaki hivyo kidogo kati ya mashati.

"Pale maabara ya Reli," alisema, sauti yake imezama kwenye shati la Fundi, "yupo yule mzee peke yake. Unamkumbuka? Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, binti, hata kama ni mwaka mmoja tu, njoo. Nilirudi na hilo neno moyoni wiki nzima. Nilitafuta kwenye jedwali pa kuliandika, hapakuwa na safu yake."

*

Walipoingia, Mama na Mwalimu Mkuu walikuwa wameketi bega kwa bega, jedwali walilolitoa kwenye daftari la Hadubini limetandazwa magotini mwao. Mwalimu Mkuu alikuwa ameazima penseli ya Mama ya kuchorea vitambaa na tayari amesahihisha makosa mawili.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema Mama. Aligonga karatasi kwa kidole chenye subana, kile kikofia cha mshonaji. "Huku chini umeandika 'Mama'. Mama, ngazi kumi na nane. Mama, baridi ya magoti. Mama, kelele za treni. Umenipima kila mahali kama kabati la kuhamishwa. Nani alikwambia nahama?"

"Siwezi kukuacha peke yako, Mama."

"Uliniuliza?"

Hadubini alilitazama jedwali lake.

"Kuuliza si ujinga, na wewe umesoma. Ungeniuliza ningekwambia nina sare mia moja na arobaini za kumaliza, nina majirani, nina kanisa langu la asubuhi na usingizi wangu wa mchana. Sitaki kwenda kukaa kwenye nyumba ya maharusi nihesabu mbao za dari." Sauti yake ilikuwa kali, kisha ikalegea. Akamshika binti yake kidevu kama alivyomshika alipokuwa mdogo. "Baba yako alipofariki, niliiogopa nyumba hii. Nilikuwa nawasha taa mchana. Wewe ulikuwa unakaa pale, unasoma kwa sauti ili nisikie kuna mtu. Ulidhani sijui kwamba ulikuwa unasoma ukurasa ule ule? Nilijua. Umekaa nami vya kutosha, mama yangu. Mimi siogopi tena, na ni wewe uliyenitoa woga. Nakushukuru. Sasa nenda."

Hadubini alilia hapo hapo, bila kujificha, na Mama akamwacha alie. Watu wengine hudhani shukrani ni jambo jepesi la kusema na kupita. Hadubini aliisikia ikimshukia mabegani, na mabega yake, yaliyokuwa yamebeba nyumba ile tangu utotoni, yalitetemeka kwa wepesi asiouzoea.

Alipotulia, Mwalimu Mkuu alikohoa. "Haya. Kwa hiyo ni mji gani?"

"Mji wa Reli, Wifi."

"Reli!" Penseli ilianguka. "Lifti moja! Tena mfu! Huyu atafanya kazi ipi, ya kuiombolea?"

"Kuna kiwanda cha unga, Dada," alisema Fundi. "Kina vinyanyulio vitano vya magunia, na wananiita tangu mwaka jana. Hospitali nitaifanya pole pole. Dada, wanawabeba wajawazito kwa ngazi. Nimewaona."

Mwalimu Mkuu aliokota penseli. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa, akaivua tena. Mara ya kwanza tangu Hadubini amfahamu, alionekana mtu aliyechoka.

"Kile chumba nilikipaka rangi," alisema. "Nilipanda kwenye ngazi mwenyewe. Nilitaka... Jioni nyumba yangu iko kimya sana. Nilitaka nimsikie mtu anavua viatu mlangoni, basi. Wala siyo habari ya lifti."

Fundi alipiga magoti mbele ya kiti chake akamshika mikono.

Hadubini ndiye aliyesogea. "Wifi," alisema, "asante kwa kunilelea."

"Sikukulea wewe. Wewe nimekujua juzi tu."

"Najua. Ulimlea yeye. Ukamfundisha kukaa na mtu mpaka mwisho, na kusema kosa lake mbele za watu hata akiwa anatetemeka. Kazi umeifanya wewe, na mimi ndiye ninayekula matunda yake kila siku. Na hicho chumba usikipangishe. Tutakuja. Tutavua viatu kwa kishindo mpaka uchoke."

Mwalimu Mkuu alimtazama kwa muda mrefu, macho yake ya kuhesabu yamelowa. Kisha akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu kiasi kwamba mkoba ulidondoka na kalamu zote zikatawanyika sakafuni.

"Lete hiyo fomu," alisema akiwa bado amemshikilia. "Ijazwe sasa hivi, kabla huyu ndugu yangu hajaitia maji."

Fomu ikaletwa, vikombe vikasogezwa. Hadubini alitia alama ya vema mbele ya Mji wa Reli. Akaandika jina lake lile la kwenye cheti. Akaandika tarehe. Alipofika sehemu ya mwisho, kalamu ikasimama.

*Mtu wa kuarifiwa kukitokea dharura.*

Shuleni, chuoni, kazini, kila karatasi aliyowahi kujaza, hapo aliandika mtu mmoja tu. Alimtazama Mama. Mama alikuwa amekwisha kulisoma swali hilo, kwa macho yake yasiyohitaji miwani.

"Mwandike mwenzio," alisema Mama kwa utulivu.

"Mama..."

"Mimi nimeandikwa hapo maisha yako yote, na nimeona fahari. Mwandike yeye. Wakimpigia yeye, atafika kwako. Halafu atanipigia mimi."

Hadubini aliinama akaandika jina la Fundi, herufi moja moja. Kisha akainua kichwa, amechanganyikiwa kidogo. Namba ya simu ya mwanaume anayempenda kuliko wote duniani hakuijua kwa kichwa. Siku zote alibonyeza jina tu.

"Nitajie namba yako," alisema.

"Sifuri," alisema Fundi. "Saba. Nne..." Akakwama. Alitazama sehemu ile ya karatasi, na jina lake lililoandikwa pale kwa mwandiko mdogo wa maabara, na tarakimu zikampotea. Alijaribu tena. "Sifuri, saba, nne..." Akafuta macho kwa kiganja.

Mwalimu Mkuu alimwekea mdogo wake mkono mgongoni.

"Sita, mbili, mbili," alisema polepole, kama anayemsomea mtoto imla, ili bibi harusi asikosee hata tarakimu moja. "Tisa. Sifuri. Tatu, moja. Umeandika, wifi?"

"Nimeandika."

"Soma tusikie."